Vipepeo wa Nairobi: mwongozo wa kuwaandika na kuwatunza mtaani kwako

Mtu akitaka kuwasaidia vipepeo, jambo la kwanza linalomjia ni kupanda maua. Ni jambo jema, ila ndiyo nusu nyepesi ya kazi. Kipepeo aliyekomaa hunywa nekta ya maua mengi, ya kienyeji na ya kigeni. Kiwavi hana uhuru huo. Mama hutafuta jani ambalo mwanawe anaweza kulila, hulionja kwa miguu yake, hutaga yai hapo na kwenda zake. Jani hilo likikosekana hakuna kizazi kijacho, hata bustani ikijaa waridi kutoka ukuta hadi ukuta. Na jani lenyewe, mara nyingi, ni lile tunaloliita gugu na kulifyeka kila mwisho wa mwezi.

Nusu nzito ni kujua nani yupo na nani ameondoka. Kenya ina zaidi ya aina 800 za vipepeo. Torben Larsen aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1991, na Dino Martins na Steve Collins wametoa kitabu cha kubebeka kuhusu vipepeo wa Afrika Mashariki. Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi yana makabati ya wadudu waliokusanywa tangu enzi za ukoloni. Lakini kitabu hakiwezi kukuambia kama kipepeo fulani alikuwepo uani kwenu Jumamosi iliyopita, wala kama alikoma kuonekana baada ya ua kukatwa. Jibu hilo analo mtu anayepita hapo kila wiki akiwa na kalamu. Hahitaji shahada wala nyavu.

Mwongozo huu ni wa mkaazi wa Nairobi. Ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, utabadilisha baadhi ya mimea na misimu, lakini utaratibu ni uleule.

Anza na sita

Kipepeo na nondo hutofautishwa kwa vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani. Za kipepeo huishia na kirungu kidogo; za nondo huchongoka au huwa na manyoya. Usitegemee rangi, kwa kuwa wapo nondo wa mchana wenye rangi kali kuliko vipepeo wengi.

Usijitwike aina 50 kwa mwezi mmoja. Wajue kwanza hawa sita, ambao mji haujawafukuza. Majina ninayotumia ni ya kisayansi kwa sababu ndiyo yatakayokuunganisha na waandikaji wengine duniani, na kwa sababu aina nyingi hazina jina maalumu katika Kiswahili.

1. *Papilio demodocus*: mkubwa, mweusi mwenye mabaka ya njano, hana mikia kwenye mabawa ya nyuma. Mtafute penye ndimu na limau.
2. *Danaus chrysippus*: rangi ya chungwa, huruka polepole na kwa utulivu. Ana sumu, na ndege wanalijua hilo. Tutamrudia, kwa sababu Nairobi ni mahali pa pekee kwake.
3. *Catopsilia florella*: mweupe wa kijani kidogo, au wa njano kwa baadhi ya majike. Huruka kasi na moja kwa moja.
4. *Belenois aurota*: mweupe mwenye ukingo mweusi, na mishipa ya rangi ya kahawia iliyokolea upande wa chini wa mabawa.
5. *Junonia oenone*: mweusi, na kila bawa la nyuma lina duara la buluu inayong'aa. Hukaa chini, kwenye njia au jiwe, na kufungua mabawa juani.
6. *Zizeeria knysna*: mdogo sana, sentimita mbili hivi mabawa yakifunguliwa. Huruka chini kabisa juu ya nyasi zilizokatwa. Wengi hukanyaga karibu naye kila siku bila kumwona.

Wengine watakuja wenyewe. Ukiwa Karura utakutana na *Papilio dardanus*: dume ni wa njano hafifu mwenye mikia, na majike wana sura nyingi tofauti zinazoiga vipepeo wengine. Penye mukinduri, ule mti unaopatikana kila pembe ya Nairobi, chunga *Charaxes candiope*, mwenye mishipa ya kijani mwanzoni mwa bawa. Huyu hajali sana maua. Ndizi iliyoiva hadi kuchacha humvuta.

Njia moja, kila wiki

Katika miaka ya 1970, Ernest Pollard na wenzake huko Monks Wood, Uingereza, walitengeneza utaratibu mwepesi: pita njia ileile, kwa mwendo uleule, kila wiki, ukihesabu vipepeo walio ndani ya nafasi ya mita chache tu kukuzunguka. Tangu 1976 watu wa kujitolea wanaufuata, na ndiyo sababu nchi ile inaweza kusema kwa uhakika ni kipepeo gani anapungua na tangu lini. Nguvu ya utaratibu huo ni kurudia. Mtu mmoja anayejua aina kumi na kupita njia yake kila wiki ana thamani kuliko bingwa anayekuja mara moja, akaona aina 60, akaondoka.

Nairobi si ngeni kwa nidhamu ya namna hii. Matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno yanafanyika tangu 1971, chini ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ile jumuiya ya historia asilia ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1909. Ukitaka kuona jinsi watu wa kawaida wanavyojenga kumbukumbu ya miaka 50, nenda Jumatano moja.

Fanya hivi:

1. Chagua mahali unapofika bila nauli, au kwa nauli usiyoihisi. City Park, Arboretum na Karura ni mahali pazuri kama uko karibu. Kama uko mbali, chukua ukingo wa mto, uwanja wa shule, ua wa kanisa au msikiti, au kipande cha reli ambacho watu hupita. Mahali pa kawaida pana faida yake: hakuna aliyewahi kupaandika.
2. Pima njia ya mita 500 hadi kilomita moja. Igawe vipande kulingana na kilichopo: chini ya miti, nyasi zilizokatwa, kichaka, kando ya maji. Kila kipande kipe namba na uchore ramani ndogo nyuma ya daftari.
3. Toka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, siku yenye jua na upepo mdogo. Kipepeo anahitaji joto ili misuli ya mabawa ifanye kazi. Ukienda saa moja asubuhi utahesabu majani.
4. Tembea polepole bila kukatiza. Hesabu walio ndani ya mita mbili na nusu kushoto, mita mbili na nusu kulia, na mita tano mbele yako na juu yako. Aliye nje ya hapo, hata awe mzuri kiasi gani, haingii kwenye hesabu. Mwandike pembeni kama nyongeza.
5. Ukitaka kupiga picha, simamisha hesabu, piga, kisha endelea kutoka pale ulipoishia. Usimhesabu aliyekupita ukiwa umesimama.
6. Usiyemjua mwandike hivyo: "mdogo wa buluu, hajulikani". Kubahatisha jina ni kosa kubwa kuliko kukiri hujui.
7. Usipoona kitu, andika sifuri. Watu wengi huacha ukurasa mtupu siku mbaya, na baada ya mwaka hakuna anayejua kama siku hiyo vipepeo hawakuwepo au mwandikaji ndiye hakuwepo.

Ukishindwa kila wiki, fanya kila wiki ya pili, lakini usiruke wakati wa mvua za masika na vuli. Wiki zinazofuata mvua, majani mapya yakichipuka, ndipo mambo mengi hutokea kwa siku chache.

Kisanduku: ukurasa mmoja wa daftari (mfano)

Tarehe: 14 Novemba. Njia: ukingo wa mto, vipande 1 hadi 4.
Kuanza saa 4:30, kumaliza saa 5:10. Jua, mawingu machache, upepo mdogo.
Kipande 1: *D. chrysippus* 2, *J. oenone* 1.
Kipande 2: sifuri. (Nyasi zimefyekwa jana.)
Kipande 3: *P. demodocus* 1, jike, anataga kwenye mlimau. Mweupe asiyejulikana 3.
Kipande 4: *Z. knysna* 6.
Nyongeza: viwavi 2 kwenye mlimau wa kipande 3, picha zipo.

Tazama maelezo ya kipande 2. Sentensi moja kama hiyo, ikiandikwa kila inapotokea, ndiyo itakayokuwezesha kuongea na mwenye kufyeka ukiwa na ushahidi mkononi.

Kupiga picha na kuipeleka mahali inapofaa

Daftari linahifadhi hesabu; picha inahifadhi ushahidi. Mtu mwingine anaweza kuikagua picha yako miaka 20 baadaye na kusahihisha jina. Simu yoyote yenye kamera nzuri inatosha.

Sogea ukiwa umeinama, polepole, kivuli chako kisimwangukie. Piga moja ukiwa mbali kabla hajaruka, kisha jongea. Jitahidi upate upande wa juu wa mabawa na upande wa chini pia, kwa sababu aina nyingi hutambuliwa kwa upande wa chini tu. Ukikuta kiwavi, piga picha ya kiwavi na ya mmea wenyewe: jani, shina, ua kama lipo. Picha ya kiwavi bila mmea hupoteza nusu ya maana yake.

Kwa kupeleka rekodi, iNaturalist ndiyo programu inayotumika zaidi. Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Berkeley, Marekani, na leo inapokea picha kutoka kila bara. Utaratibu wake:

1. Pakua programu ukiwa na bando au mtandao wa bure, fungua akaunti. Si lazima utumie jina lako halisi.
2. Ukiwa uwanjani, hifadhi picha tu. Tarehe na mahali vitaingia vyenyewe kama umewasha huduma ya mahali kwenye simu. Kupakia unaweza kufanya jioni.
3. Kipepeo mmoja, rekodi moja. Picha tatu za kipepeo yuleyule ziweke pamoja. Vipepeo wawili tofauti watenge.
4. Programu itakupendekezea jina. Lisome, usilimeze. Ilijifunza kwa picha nyingi kutoka nchi nyingine, na kwa vipepeo wetu wadogo na weupe hukosea. Kama una shaka, chagua jina pana zaidi, la jenasi au familia, na uwaachie wengine waliteremshe hadi aina.
5. Zaidi ya theluthi mbili ya watambuaji wakikubaliana kuhusu aina, rekodi hupanda hadi daraja la utafiti. Ikiwa leseni yako inaruhusu, hupelekwa kwenye hazina ya kimataifa ya GBIF iliyoko Copenhagen, ambako mwanafunzi wa chuo kikuu au mpangaji wa mji anaweza kuikuta. Kwa hiyo kagua mipangilio ya leseni mara moja, mwanzoni.

Mahali unapoishi panahitaji ulinzi. Rekodi zote za bustani yako zikiwa na alama sahihi kwenye ramani, mgeni anaweza kujua unakaa wapi na huwa nyumbani saa ngapi. Programu ina chaguo la kuficha mahali halisi. Litumie kwa rekodi za nyumbani na za shule. Picha za watoto usizipakie kamwe.

Madoa matatu au manne

Hapa ndipo mkaazi wa Nairobi anaweza kutoa mchango ambao mtu wa London hawezi.

*Danaus chrysippus* ana sura kadhaa. Yupo mwenye ncha nyeusi za mabawa ya mbele zilizokatwa na mkanda mweupe. Yupo wa rangi ya chungwa tupu, asiye na ncha hizo. Yupo mwenye bawa jeupe la nyuma. Sehemu nyingi za Afrika na Asia zina sura moja iliyotawala. Afrika Mashariki ndiko zinakokutana, na katika ukanda unaopita Nairobi huzaliana na kuchanganyika. Katika ukanda huohuo wanasayansi wamekuta bakteria aina ya Spiroplasma anayeishi ndani ya majike: hurithishwa kutoka mama kwenda kwa watoto, na huwaua wa kiume wangali ndani ya yai. Matokeo yake, kuna nyakati ambapo majike huwa wengi mno kuliko madume.

Unaweza kuliona jambo hili mwenyewe kando ya barabara. Tazama bawa la nyuma. Jike ana madoa meusi matatu katikati ya bawa. Dume ana la nne, kubwa kidogo, ambalo ni kifuko cha harufu anachotumia kumvutia jike. Kwa hiyo kila umwonapo *D. chrysippus* aliyetulia, andika mambo mawili ya ziada: sura yake na idadi ya madoa. Miezi sita ya rekodi kama hizo kutoka vikundi vinne au vitano vya mitaa tofauti ni data ambayo mtafiti angelazimika kuomba fedha nyingi ili aipate.

Kuna mtego mmoja. Jike wa *Hypolimnas misippus* hana sumu, lakini amemwiga *D. chrysippus* kiasi kwamba hata ndege hudanganyika, na anaiga zaidi ya sura moja. Ukiona doa moja tu jeusi, tena karibu na ukingo wa mbele wa bawa la nyuma, huyo ndiye mwigaji. Dume wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na urujuani.

Vipepeo weupe wakipita kwa wingi

Baadhi ya misimu baada ya mvua, vipepeo weupe hupita mjini kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja, na watu huanza kuulizana ni dalili ya nini. Wengi wao huwa ni *Belenois aurota* wanaohama. Siku hiyo usitembee njia yako, simama. Chagua mstari wa mita kumi, kwa mfano kati ya nguzo mbili, uhesabu wanaouvuka kwa dakika tano. Andika wanakoelekea kwa kutumia dira ya simu. Rudia kila baada ya saa moja hadi wapungue, na umwombe mwenzako aliye upande mwingine wa mji afanye vivyo hivyo. Hesabu za vituo vitatu kwa siku moja zinaonyesha mwendo na upana wa msafara ambao picha 100 zisizo na saa haziwezi kuuonyesha.

Chakula cha kiwavi

Sasa mimea. Hii ni ile ninayoiona ya maana zaidi kwa mji, na mingi yake tayari iko mtaani kwako bila mtu kuipanda.

- Mlimau, mndimu, mchungwa: *Papilio demodocus*. Kiwavi mchanga ni mweusi mwenye baka jeupe, utadhani ni kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Ukimgusa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hana madhara kwako. Mti uliokomaa hustahimili viwavi kumi bila tatizo. Kama ni mche, wahamishie kwenye mti mkubwa badala ya kuwaponda.
- *Asystasia*, ambao watu wa Pwani wanauita mtikini na kuula kama mboga: *Junonia oenone*.
- *Gomphocarpus*, wenye utomvu mweupe na matunda ya kijani yaliyojaa hewa: *Danaus chrysippus*. Utomvu wake ni sumu. Nawa mikono, usiguse macho, na usiupande wanapolishwa mbuzi au ng'ombe.
- *Senna*, yenye maua ya njano: *Catopsilia florella*.
- *Portulaca*, gugu lenye majani manene na shina jekundu linalotambaa kwenye nyufa za saruji: *Hypolimnas misippus*.
- Mchicha wa porini: *Zizeeria knysna*.
- Mbarika: *Eurytela dryope*. Mbegu zake ni sumu kali, hivyo usiuache palipo na watoto wadogo.
- Nyasi ndefu ambazo hazijakatwa: jamii nzima ya vipepeo wa kahawia wanaoruka magharibi ikiingia, kama *Melanitis leda*.

Kwa nekta, acha kishonanguo kichanue kabla ya kukiondoa, na panda *Pentas*, ambayo ni ya kwetu. Lantana huwavuta vipepeo sana, lakini usiipande. Ni mmea vamizi unaofunika mimea ambayo viwavi wanaihitaji, na karamu ya nekta hailipi hasara hiyo. Ukinunua miche kando ya barabara, muulize mwenye kitalu kama ameipulizia dawa ya wadudu. Mche uliopuliziwa utaua kiwavi wa kwanza atakayeung'ata.

Kuzungumza na anayefyeka

Katika mitaa mingi, hatima ya vipepeo iko mikononi mwa mtu mmoja mwenye slasha, na mara nyingi hakuna aliyewahi kuzungumza naye. Nenda kwake kabla ya kwenda kwa kamati. Mwamkie, mwonyeshe kiwavi akiwa hai kwenye jani, na picha ya kipepeo atakayetokana naye. Nimeona mazungumzo ya dakika chache yakibadilisha kazi ya mwaka mzima, kwa sababu mfyekaji hana chuki na gugu. Ameambiwa tu pawe safi.

Ombi lako liwe dogo na linalopimika:

1. Ukanda wa mita moja kando ya ua usifyekwe, au ufyekwe mara mbili tu kwa mwaka.
2. Eneo kubwa lifyekwe nusu wiki hii na nusu baada ya wiki tatu, ili pasiwe na siku ambapo majani yote yametoweka.
3. Kingo za ukanda zikatwe vizuri, kwa unyoofu. Wakaazi wakiona mstari nadhifu huelewa kwamba pameachwa kwa makusudi, na malalamiko ya nyoka na uchafu hupungua.
4. Dawa ya kuua wadudu isipuliziwe kwenye ua wenye maua. Kama kuna mbu, tafuteni kwanza maji yaliyotuama: mitungi, matairi, mifereji iliyoziba.

Kisha ipelekee kamati ya wakaazi karatasi moja: ramani ya njia, aina ulizoziona, mimea mitatu ya kulindwa, ombi. Moja tu. Ripoti ya kurasa kumi itawekwa kwenye droo.

Mkiwa kikundi

Watu watatu wanatosha kuanza. Gawaneni wiki ili anayesafiri asiache pengo, na mwezi wa kwanza tembeeni pamoja hadi hesabu zenu zikaribiane. Shule ya karibu huenda ina klabu ya Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanzishwa 1968. Watoto wana macho makali kwa viwavi kuliko watu wazima. Kwa City Park zungumzeni na Friends of City Park, na kwa Karura na Friends of Karura Forest, kabla ya kuweka njia ya kudumu. Hawa wana uzoefu wa kuishi na misitu ya mji, na Karura yenyewe ipo leo kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1990 Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa langoni kwake ili isigawanywe viwanja.

Kila mwisho wa mwaka, hifadhini nakala ya data mahali pawili, na mpeleke nakala moja Nature Kenya.

Tahadhari

- Usitembee peke yako kwenye vichaka na kingo za mito. Simu iliyoinuliwa muda mrefu huvutia wezi. Mwenzako achunge unapopiga picha.
- Arboretum iko jirani na Ikulu. Kamera yako ielekee mimea na vipepeo, kamwe isielekee majengo ya ulinzi, hapo wala penginepo.
- Kukusanya wadudu kwenye hifadhi na misitu ya umma kunahitaji kibali. Kazi hii haina haja ya kumkamata yeyote.
- Usiguse kiwavi mwenye manyoya kwa mkono mtupu. Wengi wao ni wa nondo, na baadhi huwasha vibaya.
- Usilete vipepeo au pupa kutoka mbali ili kuwaachia, hata kwenye harusi. Wakulima wa Mradi wa Kipepeo pale Gede, ulioanza 1993, hufuga vipepeo wa msitu wao wa Arabuko-Sokoke na kuuza pupa nje, na kwa hiyo msitu unawapa kipato ukiwa umesimama. Vipepeo hao ni wa Pwani. Nairobi hawatapata majani yao.

Makosa yanayorudiwa

Kuandika wazuri na adimu tu, na kuwaacha wa kawaida. Aliye wa kawaida leo ndiye tutakayehitaji kujua alipungua lini.

Kubadilisha njia kwa sababu imechosha. Ongeza ya pili ukitaka, lakini ya kwanza iendelee.

Kupanda mche mmoja wa kila aina. Jike hupita juu ya mche mmoja asiuone. Panda mitano au sita pamoja.

Kumwondoa kiwavi na kumlea kwenye chupa ndani ya nyumba. Wengi hufa kwa unyevu au njaa. Mwache kwenye jani lake na umtembelee.

Kabla ya kutoka

- [ ] Daftari, kalamu mbili, ramani ya vipande
- [ ] Simu yenye chaji, huduma ya mahali imewashwa
- [ ] Maji, kofia, viatu vilivyofunika mguu
- [ ] Ruhusa au ada ya kiingilio
- [ ] Mwenzako
- [ ] Saa ya kuanza imeandikwa

Kuanzia Juni hadi Agosti anga la Nairobi hufunikwa na mawingu, na unaweza kupita wiki tatu ukiandika sifuri. Endelea kuiandika. Miezi hiyo itumie kugeuza majani ya mlimau na *Asystasia* ukitafuta mayai na viwavi, kupitia upya picha zisizo na jina, na kuatika mbegu za *Gomphocarpus* ili miche iwe tayari kuhamishwa mvua za vuli zitakapoanza Oktoba.